Kabla Hujafunga Dizeli, Mwambie Mkeo

Nakumbuka asubuhi ile ya masika, mwanangu, mama yako alipopanda treni kurudi kwao Kigwa na sanduku lake la nguo, nami nikabaki nyumbani nimenuna. Kosa lilikuwa langu. Kwa kuwa umeniambia unataka kung'oa injini ya petroli kwenye pikapu yako ufunge ya dizeli, kaa hapa nikusimulie.

Sikukatazi. Thubutu, mimi nikukataze dizeli? Naipenda mpaka leo. Unasubiri kile kitaa cha hita kwenye dashibodi kizime, unawasha, inanguruma kwa uzito wake. Pikapu yangu ilipokuwa ya petroli, tope la mbuga za Choma lilikuwa likiishika ikiwa na magunia ya mpunga, inalia tu, haitoki. Nikachoka. Nikampelekea fundi hapa Tabora mjini, akafunga dizeli.

Mama yako nilimwambia gari linatengenezwa, basi. Ujana nao! Nilitaka siku ya safari aisikie mwenyewe, ashangae. Niliporudi nalo alikuwa shambani.

Sasa, mama yako alikuwa na desturi yake: siku ya safari, mimi nikioga, yeye anamimina dumu la petroli kwenye tangi. Asubuhi ya safari akamimina, maskini, kwa mapenzi yake.

Nikawasha. Aliposikia ule mngurumo akacheka, akasema, "Mume wangu, umeniletea trekta?" Tulifika karibu na soko, injini ikaanza kugonga, ikazima. Fundi alipokuja akafungua tangi, akanusa, akatikisa kichwa. Petroli imeua pampu ya dizeli. Nikamfokea mama yako mbele ya watu wote wa sokoni, nikamwita hana akili. Alisema neno moja tu: "Nilidhani nakusaidia." Kesho yake akaondoka.

Wiki mbili nilijitia mwanamume. Chakula hakipiti. Nikamfuata.

Babu yako wa Kigwa aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulimwambia umebadilisha injini?"

"Hapana, mzee."

"Sasa yeye alikosa nini?"

Nilimwomba mama yako radhi pale pale, mbele ya wazazi wake, na machozi yalinitoka, sioni haya kukwambia. Ndipo nikajua ana mimba yako. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Nilipanga nikwambie siku ile, tukiwa njiani."

Basi funga dizeli, mwanangu, ufaidi nguvu yake. Lakini mkeo ajue kabla fundi hajashika spana, na kwenye mfuniko wa tangi uandike DIZELI kwa rangi. Na jambo likiharibika, uliza kwanza, ufoke baadaye, ukiona bado kuna haja. Mungu akulinde barabarani, akujalie watoto wenye afya, na mkeo asipate kamwe sababu ya kufungasha nguo zake.