Ufa Juu ya Kitanda cha Dada

Mzee Timazi amefanya kazi ya uashi miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuna watu waliompandisha mori kama mafundi wa madirisha. Jina la Timazi alipewa kwa sababu ile kamba yake yenye uzito wa chuma, ya kupimia ukuta kama umesimama wima, haitoki mfukoni hata akienda msibani. Dada yake peke yake ndiye asiyemwita hivyo. Husema ni jina la vijiweni. Siku hizi watu wanang'oa madirisha ya mbao, wanatia ya alumini, kisha wanamwita Timazi aje kuziba kuta zilizojeruhiwa. Wenzake wanavunja na kuondoka wakipiga mluzi, yeye anaachiwa vifusi.

Asubuhi hiyo aliitwa na dada huyohuyo, mwalimu mstaafu, mjane, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dirisha jipya lilikuwa chumbani kwake, juu ya kitanda.

"Ni kazi ya nusu siku, mdogo wangu," dada alisema. "Piga lipu, basi. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Methali hiyo Timazi amesomewa na kila mwenye nyumba mpaka imemchosha. Akageuza mwiko, akaanza kugonga ukuta kwa mpini, sikio karibu, kama afanyavyo siku zote kabla hajafungua mfuko wa saruji. Pembeni mwa dirisha ukuta ulilia kama debe tupu. Akaingiza tindo, akavuta. Yakatoka makaratasi ya mifuko ya saruji, yamekunjwa na kushindiliwa, na nyuma yake povu la kupuliza, lile la kuzibia mianya. Tofali hata moja hakuna.

Sasa angalia uhuni huu. Fundi wa madirisha alipima dirisha la zamani kwa nje, pamoja na urembo wa lipu unaolizunguka, kwa hiyo jipya likaja pana kuliko tundu. Mtu mwenye haya angelirudisha. Huyu akachukua grenda, akakata ukuta huku na huku, mpaka linta, lile zege linalobeba ukuta wa juu, ikabaki imeegemea ukuta kwa upana wa vidole viwili tu kila upande. Ufa mwembamba ulishaanza kupanda kuelekea darini.

"Dada, hapa sipigi lipu," Timazi alisema. "Hamisha kitanda."

"Wewe tangu mwanzo hukumtaka fundi wangu, kwa kuwa nilimchagua mwenyewe. Kama hutaki kazi, sema nitafute mwingine."

Maneno hayo yalimuuma, tena yalimtisha. Alijua huyo mwingine atapatikana, atapaka na kulainisha kabla ya saa sita, na dada yake atalala chini ya linta ile. Funika kombe mwanaharamu apite, wanasema. Mwanaharamu wa namna hii hapiti. Anakaa juu ya kichwa cha mtu.

Alisimamisha boriti mbili kwenye ukingo wa ndani wa dirisha, akaikinga linta, akazikaza kwa kabari. Dada, kwa hasira ya kuharibiwa dirisha lake, akampigia simu fundi wake.

Fundi akaja, kijana mwenye miwani ya jua kichwani, funguo zikicheza kidoleni.

"Mzee, unamtia mama hofu bure," alisema. "Hapo ni imara kabisa. Ufa wa lipu tu."

"Vizuri," Timazi alisema. "Kaa hapo kitandani, egemea ukuta. Mimi nitoe boriti hizi, tuzungumze."

Akagusa kabari moja kwa nyundo, kidogo tu. Vumbi likamwagika juu ya mto. Alipogeuka, fundi wa madirisha alikuwa tayari mlangoni.

Dada aliutazama mto, kisha akamtazama yule kijana kwa yale macho ya darasani.

"Nimelala hapo siku tisa, mwanangu. Wewe hata dakika moja inakushinda?"

Kijana akasema gari lake ameliegesha vibaya.

Dada aliinama taratibu, magoti yakimuuma, akashika kitanda upande wa miguuni.

"Shika huko, Timazi," alisema.