Daftari la Maombi

Katika redio ndogo ya wahamiaji, mtaa wa Saint-Gilles huku ughaibuni, nilikuwa fundi mitambo. Kipindi cha muziki wa kantri, kila Jumapili asubuhi, kiliendeshwa na mzee mmoja wa Lubumbashi tuliyemwita tonton, yaani mjomba, mfanyakazi wa kiwanda cha magari mtaa wa Forest. Wasikilizaji walipiga simu kuomba nyimbo, naye kila ombi aliliandika kwenye daftari ambalo hakuruhusu mtu aliguse. Mimi napenda kuchungulia, sifichi, na daftari lile lilinikosesha raha. Wimbo ukishapigwa, kumbukumbu ya nini?

Jumapili moja tulikuwa na tangazo la matanga ya maman mmoja wa Etterbeek aliyefariki. Kabla ya kulisoma, tonton alifungua daftari, akanichagulia wimbo wa kutanguliza.

"Huu ndio aliomba mara mingi," akasema. "Kila muntu anaenda na wimbo wake."

Nikamwomba nilione. Safari hii akalisukuma mbele yangu. Kurasa zilijaa majina, kila jina na nyimbo zake. Kwenye ukurasa wa mwisho nikakuta jina langu, na mbele yake hapakuandikwa kitu.

"Tunatumika kazi hapa wote wawili tangu zamani, haujaomba hata moja," akasema. "Bon, siku yako ikifika nitapiga nini?"