Matone Tano mu Cheminée

Nakumbuka siku moja, mutoto wangu, hapa hapa Bruxelles, wakati nilikuwa bado na kiuno ya kuinama bila kulia "aï, maman." Njo ile siku nilikaribia kuharibisha kitu ya mwisho yenye papa mukwe wangu aliombaka mu dunia hii. Ikala. Weka ile simu chini, haitakimbia.

Papa mukwe, baba ya bwana yangu, alikuwa chauffeur wa gari ya moshi kule Katanga. Usicheke, hakukuwa volant, usukani hapana. Wakati ya zamani, chauffeur ni ule mwenye kutupa makaa mu moto, miaka na miaka, mpaka kifua yake ilikuwa inalia kama mulango ya kabati. Bwana yangu alimuleta kwetu Schaerbeek juu ya kutibisha macho. Jicho moja ilikuwa imekwisha kuzimika. Ya pili, daktari mumoja kule Jette aliiangalia, akafunga kalamu yake, akasema na ile sauti yabo ya bureau: "Bon, Monsieur. Quatre semaines. Peut-être cinq." Wiki ine, pengine tano, alafu giza. Basi.

Papa hakulia. Mu bus aliniambia tu: "Mukaza mwana, bantu nimeona mingi. Nataka kuona mashini inapumua, mara moja tena."

Mashini ya makaa, nitaitoa wapi mu Bruxelles? Zote ziko mu musée, mule banachunga vitu ya zamani, baridi kabisa.

Lakini kule Evere nilikuwa nafanya usafi kwa muzee mumoja Mubelgi, Monsieur Willem. Alifanyaka kazi ku mission kwetu, na Kiswahili yake ilitoka mu kitabu ya misa: "Mama, nakuomba, tafadhali sana, usiguse reli zangu." Unafikiri anataka kukubatiza! Chini ya nyumba, mu cave, alikuwa na treni ndogo ya kutembea na umeme, na mashini yake nyeusi, urefu ya kiatu ya mwanaume. Kila gurudumu, kila chuma, kama ile ya kweli. Nikaleta Papa. Aliinama, akaweka jicho karibu, mashini ikazunguka mara tatu. Akanyoosha mugongo.

"Inatembea," akasema. "Lakini imekufa. Haipumui."

Monsieur Willem akakuwa mwekundu kama tomate. Lakini alikuwa muntu mwema. Akaandika barua ku Allemagne, kule Ujerumani, bakamutumia kamurija kadogo, haka, nusu ya kidole. Ndani kuna kawaya. Umeme inapasha kawaya moto, kawaya inapasha mafuta, mafuta inakuwa moshi. Hako kamurija kalifanya wiki tatu kufika. Hesabu weye mwenye ulisoma: ku jicho ilibakia wiki ngapi?

Na mikono ya Monsieur Willem ilikuwa inatetemeka. "Mama, mimi siwezi tena." Yangu, miye mwenye nilisuka nywele ya nusu ya Schaerbeek, ilikuwa haitetemeki. Yeye alitoboa cheminée ya mashini, ile bomba ya moshi, na kekee ndogo ya mukono, miye nikaingiza kamurija, nikapitisha nyaya zake mbili, nyembamba kama unywele, kutoka mu cheminée mpaka chini. Moja ku chuma ya mwili, ingine ku magurudumu, pale umeme inaingilia. Zikigusana, kwisha. Na yeye anapumua mu shingo yangu: "Polepole, Mama, polepole, kwa jina la Bwana."

Alafu akanionyesha kachupa ya mafuta. "Matone matano, Mama. Matano tu!"

Kesho yake tukaleta Papa. Alivaa koti na cravate ku shingo, ungesema anaenda kuoa. Monsieur Willem akapanda juu kutafuta kiti ya pili, nikabakia miye na mashini, Papa amekaa ku kiti ya kwanza. Sasa sikiliza ujinga.

Kwetu, mukaza mwana anaweza kupatia papa mukwe kikombe ya nusu? Jamais! Sahani yake inajaa mpaka chakula inaanguka pa meza. Ukipunguza, bashangazi bote ba kwa bwana yako banasikia, na bataiimba mpaka ku kilio yako. Na leo, siku yenye pengine ni ya mwisho ya kuona, nimupatie matone tano? Haya ikanikamata. Nikashika kachupa, nikajaza kamurija mpaka juu, mpaka inamwagika. Nikafungua umeme.

Cheminée ikafanya "prrt." Ikatema. Ikanyamaza. Nikafungua umeme mpaka mwisho. Harufu ya kuungua ikaanza kutoka. Moshi, hata ya sigara, hapana.

Monsieur Willem akashuka, akaona mafuta juu ya reli, kiti ikamuponyoka. "Mama! Waya ukiungua, hatuna mwingine!"

Nikaanza kulia. "Papa, ni miye. Nilijaza. Niliona haya ya kukupatia kidogo."

Nilingojea kelele. Papa akanyoosha mukono, akatafuta kitufe, akafunga umeme yeye mwenyewe.

"Siku yangu ya kwanza ku moto," akasema, na ile kifua yake, hhh, hhh, "nilitupa makaa pelle juu ya pelle, sepetu zinajaa, sababu nilitaka muzee machiniste, mwenye kuendesha mashini, aone bidii yangu. Moto ikakufa katikati ya mulima. Train nzima ikasimama mu jua. Muzee hakunipiga. Aliniuliza tu: 'Kijana, ulikuwa unalisha moto, ao ulikuwa unalisha jina yako?' Na miye nakuuliza vile vile, mukaza mwana."

Ee, mutoto wangu. Kofi ingeniuma kidogo kupita ile maneno.

"Toa," akasema. Tukapindua mashini. Nikaingiza uzi ya pamba mu kamurija, inanyonya mafuta, natoa, naingiza ingine. "Sasa ngoja ipoe." Tukangoja. Hatukujua kama kawaya ilikuwa bado nzima. Monsieur Willem anatembea, anarudi. Alafu Papa akaweka mukono yake juu ya mukono yangu, papa mukwe juu ya mukaza mwana, kitu yenye kwetu haifanyikake, na tukaachilia mafuta pamoja. Tone moja. Mbili. Tatu. Akanisimamisha. "Ingine ilibakia mule ndani. Inatosha."

Akafungua umeme, kidogo.

Hakuna kitu. Tukangoja. Hakuna kitu.

Alafu kauzi ka moshi kakatoka. Kembamba, keupe, kakapanda wima, kakajikunja pale juu. Nyuma yake kengine. Mashini ikaanza kutembea, na moshi ikalala juu ya mugongo yake, ikafuata, ikapotea, ikazaliwa tena. Nywele ya mwili yangu yote ikasimama. Kitu ndogo vile, yenye nilifunga na hizi vidole, ilikuwa inapumua! Monsieur Willem akafanya ishara ya musalaba.

Papa alikuwa ameinama, jicho pale pale, machozi inashuka mpaka ku cravate. Hakupangusa, juu kupangusa ni kufunga jicho.

"Nyeupe," akasema polepole. "Moto iko muzuri. Tutapanda mulima."

Kisha siku tisa kupita, jicho ikazimika. Papa akaishi nasi miaka mingine sita, na hakuomba tena kuona kitu.

Donc, shauri yangu njo hii. Ukipenda muntu, unamujazia: simu mara kumi kwa siku, zawadi, maneno, mashauri. Unasema ni mapendo. Mara mingi ni woga tu, bantu basiseme ulitoa kidogo. Angalia kwanza ule muntu anaweza kupokea ngapi. Mupatie ile. Alafu simama, ngoja, hata kama kungoja kunakuchoma. Na ukiharibisha, sema "ni miye" mapema, pale bado kuna kitu ya kuokoa.

Mungu akupatie mikono ya kutulia. Akupatie muzee wa kukusahihisha bila kukuaibisha, na macho yako isifungwe mbele ya kuona kitu yenye roho yako inaomba. Enda na amani, mutoto wangu.