Leseni ya Trekta

Mwaka 1974 Alute alikuwa dereva pekee wa trekta katika kijiji kimoja cha ujamaa jirani na Ihanja. Leseni yake ilimruhusu kuendesha trekta tu. Asubuhi moja katibu wa kijiji alimpa ufunguo na kumwamuru aendeshe lori lililokuja kuhamishia watu kijiji kipya, kwa kuwa dereva wa lori hilo alikuwa ameshikwa na homa.

“Leseni yangu hairuhusu lori, ndugu katibu,” Alute alisema.

“Usukani ni usukani. Au unapinga ujamaa?”

Hasira zilimpanda Alute. Nyuma ya lori kina mama walikuwa wamekwisha kupanda na watoto wao, kuku na vyungu vikiwa miguuni.

“Hao ndio ujamaa wenyewe,” alisema. “Nikiwapindua korongoni, utawaambia nini waume zao?” Akamrudishia ufunguo.

Jioni ile mkutano wa kijiji ulimwita msaliti, akavuliwa kazi na kupewa jembe. Siku ya tatu dereva wa lori alipona, watu wakahama na kufika salama. Mvua zilipoanza, trekta lilikaa bila mtu wa kuliendesha, naye Alute akalima kwa jembe shamba lile lile alilokuwa akililima kwa trekta. Katibu alipita kando ya shamba bila kumsalimia.