Mama Mkwe Wangu Alipokataa Kusema Nzuri

Mama mkwe wangu, Simaloi, mama wa mume wangu Sankale, ni mwenyekiti wa kamati ya mfereji wa kijiji chetu, huku magharibi mwa mlima Meru. Maji yakipungua, yeye ndiye anayepanga zamu za kumwagilia na ndiye anayewasikiliza wanaogombana. Tatizo likawa hapo kwenye kusikiliza. Masikio yake yalianza kuchoka, na Eliud, katibu wake, akaanza kuwaambia watu kwamba mama sasa apumzike. Alikitaka kile kiti, kila mtu alijua.

"Nitapumzika nikizikwa," mama alisema, akaniamuru nimpeleke kliniki ya masikio huko Themi, mjini.

Tulipokelewa na binti mpole, Hafidha. Alimvalisha mama vifaa vya kusikia, akatueleza namna ya kuvirekebisha. Kompyuta inatoa sauti ileile kwa namna nne, na mgonjwa anasema ipi nzuri, ipi mbaya. Zilizopendwa zinachanganywa, zinazaa nyingine, zilizokataliwa zinatupwa. Hivyo hivyo, mpaka ipatikane inayomfaa mwenye sikio. Mama alielewa upesi kuliko mimi.

"Kumbe ni kama kuchagua dume la kupanda ng'ombe," alisema.

Alielewa, halafu akaharibu.

"Hii ikoje, bibi?" Hafidha aliuliza.

"Nzuri."

"Na hii?"

"Nzuri."

Ya tatu nzuri, ya nne nzuri sana, asante mwanangu. Ndivyo alivyolelewa: ukiulizwa habari, hata nyumba ikiwa inaungua, unajibu nzuri. Kompyuta ikakosa cha kuchagua. Tukarudi nyumbani na vifaa vilivyompigia kelele za sufuria na majogoo, huku watu akiwasikia kama wako ndani ya pipa.

Eliud alipopata habari alicheka waziwazi. "Hata mashine imeshindwa, Mama Sankale. Jumamosi kwenye mkutano tutachagua mwingine."

Nilikasirika. Asubuhi nilimkuta mama ameshavaa viatu, tayari kurudi kliniki.

Huko Themi, Hafidha akamwekea sauti ya mwanamke akisoma taarifa, taratibu, kama anambembeleza mtoto.

"Hii ikoje, bibi?"

"Mbaya."

Hafidha akanitazama. Akabonyeza nyingine.

"Mbaya. Mwanangu, huyu dada hana shamba kwenye mfereji wangu. Mimi nataka kuwasikia wanaonung'unika kando ya maji."

Hafidha akaiingiza ile programu ya kuchagua sauti kwenye simu yangu. Kuanzia hapo nikawa namfuata mama mferejini kama karani wake. Maji yanavuma, wanaume wanabishana, mimi nabonyeza, yeye anahukumu: mbaya, mbaya, hii ina nafuu, hii mbaya kabisa. Wengine walidhani anawatukana, na sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Ijumaa, tukiwa jikoni, alinigeukia. "Jackline, punguza sauti. Kwani mimi kiziwi?"

Nimempigia kelele ili anisikie tangu niolewe na mwanawe. Nililia hapohapo, mwiko mkononi.

Kwenye mkutano Eliud alikaa nyuma yake palepale. Kwa mtu aliyemhesabu kiziwi, hakuona haja ya kujificha. Watu walipoinamisha vichwa kwa sala ya kufungua, akamnong'oneza jirani yake, Philemoni. Mama akasubiri amina.

"Philemoni, usidanganyike," alisema bila kugeuka. "Zamu mbili anazokuahidi Eliud ukimpa kura si zake. Ni za mjane wa Daniel."

Philemoni akaanza kuangalia viatu vyake. Mjane wa Daniel alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kumchagua mama, wengine wakafuata, na kiti hakikuhama.

Watu walipokuwa wanatoka, Eliud akasogea kutafuta pa kuanzia.

"Habari za masikio, mama?"

Tulisimama wote kuisubiri ile nzuri.

"Mbaya," mama alisema. "Nakusikia mpaka wewe."