Masizi Juu ya Barafu

Nakumbuka vizuri siku ile ya mvua ya mawe hapa Karuba, mjukuu wangu, na wewe ndiye unayenikumbusha kwa hicho kiberiti chako. Nimekukataza kuchoma malisho hadi nimechoka. Jana nikakueleza kwamba upepo unaweza kubeba moshi wetu hadi kwenye theluji ya Ruwenzori, ukanijibu bila hata kuniangalia: "Koko, theluji iko kule, siye tuko huku. Inanihusu nini?"

Haya, sikiliza basi.

Nilikuwa msichana. Kaka yangu mkubwa alikuwa amechoma mlima wote ulio juu ya nyumba, kama unavyotaka kufanya wewe kesho. Asubuhi mvua ya mawe ikamwagika, kisha jua likatoka. Mama akatutuma tuzoe barafu ile tuzungushie bidoni, yale madumu ya maziwa, pale uani, yasiharibike kabla mtengeneza fromaji, yaani jibini, hajafika. Mimi nikazoa nyeupe kwenye majani ya chini ya nyumba. Kaka, mvivu kupindukia, akazoa ya karibu, pale alipochoma, nyeusi tii kwa masizi.

Jua likapanda. Barafu yangu bado ipo, yake imekwisha, bidoni aliyoizungushia imesimama kwenye maji ya uvuguvugu. Mtu wa fromaji alipochemsha maziwa ya bidoni hiyo kidogo ili ayapime, yakakatika. Akayakataa yote. Mama alilia, halafu akamgeukia kaka.

"Nani alikuambia uchome? Angalia! Ile nyeupe inarudishaka jua. Ile nyeusi inalikunywa, njo maana imeisha!"

Na Ruwenzori ni vivyo hivyo. Theluji yenye masizi hunywa jua ikayeyuka, na ikiisha hubaki jiwe jeusi, ambalo hunywa jua zaidi. Si masizi peke yake yanayoipasha dunia joto, najua, lakini yamo. Joto hilo haliulizi nani anakaa hapa Karuba na nani kule Walikale. Halafu wewe huyohuyo unanijia kila siku kulalamika kwamba mvua haieleweki, majani yamekauka, ng'ombe hawatoi maziwa! Unanichosha, kwa kweli.

Usichome, mwanangu. Kata majani makavu kwa panga, hamisha ng'ombe, vumilia, hata jirani akikucheka. Mungu akubariki, ng'ombe wako wazae, na wajukuu wako waukute mlima huu ukiwa kijani.

Sasa nipe hicho kiberiti.