Kibuyu Kilichorudi kutoka Brussels

Jirani yangu wa Igogo alikwenda Brussels kumtembelea mwanawe, na aliporudi akanikaribisha nikaone alichokipata kwenye soko la vitu vya kale. Mama yake, aliyekulia Magu kwenye ng'ombe, aliinuka kuniandalia chai.

"Kaa tu, mama, pumzika," jirani akamwambia. Mama akakaa. Akapewa chokoleti ya huko, akaimung'unya, akasema, "Tamu, ila inaisha kabla hujaitafuna."

Ndipo jirani akafungua kanga na kutoa kibuyu cha maziwa, cheusi, ufa wake umeshonwa kwa ukindu. "Nilikikuta mezani katikati ya saa na sahani kuukuu, nikashtuka kama nimekutana na ndugu. Kitakaa kabatini, pale kwenye kioo."

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akanusa mdomo wa kibuyu, akapitisha kidole kwenye mshono, polepole. Kisha akatoka uani kwenye jiko la mkaa, akatumbukiza kaa la moto ndani ya kibuyu na kuanza kukifukiza, akikitikisa, kama kinavyoandaliwa kabla ya kutiwa maziwa.

"Mama! Hicho ni cha kale!"

"Na mimi ni wa kale," alijibu bila kugeuka. "Ndiyo maana na mimi umeniweka kabatini?"

Wengi wetu ndivyo tunavyoheshimu: tukishakipenda kitu, tunakinyima kazi.

Jirani akachukua sufuria, akaenda kutafuta maziwa.